Kikao cha dharura kuhusu cheti cha uzamiaji cha Ndugu Geofrey Matonya

CHAMA CHA WAKUFUNZI WA UZAMIAJI, KANDA YA KATI
Jumamosi, 6 Juni 1998, ofisini Area D, Dodoma, kuanzia saa 4:10 asubuhi

Waliohudhuria: Nd. Thobias Chilewa (Mwenyekiti), Nd. Optatus Mapunda (mkufunzi), Bi. Nasma Rehani (mkufunzi), Bi. Violeth Mnyambwa (Katibu)
Hakuhudhuria: Nd. Hanifu Jaha, yuko msibani Zuzu
Aliyeitwa: Nd. Geofrey Matonya, mwanafunzi

KUMB. NA. 1/98: KUFUNGUA
Mwenyekiti alieleza kwamba mwajiri wa wanafunzi anataka majina ya waliofaulu ifikapo Jumatatu, ili wakazibue milango ya bwawa iliyojaa tope tangu mvua kubwa. Asiye na cheti ataingizwa kwenye orodha ya wanaopunguzwa kazini.

KUMB. NA. 2/98: TUKIO LA ALHAMISI
Bi. Nasma alieleza kwamba wakiwa mita sita chini, maji yaliingia kwenye miwani ya Nd. Matonya. Alishikwa na hofu, akamng'oa mkufunzi huyo kipumulio mdomoni na kumng'ang'ania shingoni. Walifika juu kwa shida. Hiyo ilikuwa mara ya tatu.

Nd. Optatus alisema mwanafunzi huyo ana watoto watano na miaka kumi na tisa kazini, na woga humwisha mtu akizoea. Aliongeza kwamba cheti amekwisha kukisaini. Bi. Nasma aliuliza lini. Ilijibiwa kuwa Jumatano.

Bi. Nasma aliomba maneno yake yaandikwe kama yalivyo: "Kaka Optatus, mimi nilikuwa nakunywa tope. Wewe ulikuwa ofisini."

Mwenyekiti aliwataka wajumbe wazungumze kwa staha.

KUMB. NA. 3/98: MAELEZO YA MWANAFUNZI
Nd. Matonya aliingia, akasalimia, hakuketi. Nd. Optatus alimwomba athibitishe kwamba yuko tayari. Alijibu:

"Mwalimu, nchi kavu niko tayari. Maji yakinifunika macho sijui ninachofanya. Ile Alhamisi nilijua nimemshika Mwalimu Nasma nilipomwona juu anakohoa."

Mwenyekiti alimuuliza kama anakitaka cheti.

"Nakitaka, mzee. Silali kwa kukiwaza. Lakini nitapangwa kushuka na mwenzangu Petro, na Petro naye ana watoto."

Aliombwa asubiri barazani.

KUMB. NA. 4/98: UAMUZI
Iliamuliwa kwamba Nd. Matonya hajafaulu, na cheti kilichosainiwa kifutwe. Atarudia mazoezi ya miwani wiki mbili, kwenye maji ya kiunoni, chini ya Bi. Nasma. Mwajiri ataombwa ampe kwa sasa kazi ya kushika kamba juu ya bwawa. Mwenyekiti alikiri kwamba hana hakika kama ombi hilo litakubaliwa.

Nd. Optatus alitoa cheti mkobani, akakichana.

Mwenyekiti aliuliza nani atapeleka barua kwa mwajiri. Bi. Nasma alijitolea. Nd. Optatus alisema watakwenda wote wawili, kwa kuwa yeye ndiye aliyemwahidi mwajiri majina sita kabla kozi haijaanza.

Wajumbe walinyanyuka saa 6:25 mchana, Mwenyekiti akatoka kwenda barazani kumweleza Nd. Matonya.

T. Chilewa, Mwenyekiti ....................
V. Mnyambwa, Katibu ....................