Mushenye wa Mwaka Mpya

Silanga, Kibera
10 Februari 2008

Dada yangu Mutheu,

Pokea salamu zangu, za Lusweti, na za Timothy ambaye siku hizi anamwita kila mwanamke shangazi. Natumaini huko Machakos mnaamka salama, goti la mama limepoa, na mvua haijawapita. Sisi tuko hai, na kwa wakati huu hilo si jambo dogo. Usinune kwamba nimekaa kimya. Barabara zilifungwa, nami nilikuwa nimefungwa zaidi, humu ndani, na mama mkwe.

Ndiyo, bado yuko. Alikuja kutoka Bungoma tarehe ishirini Desemba kula Krismasi, arudi kabla ya mwaka mpya. Kura zikapigwa, matokeo yakatangazwa, mji ukawaka, na mabasi ya kwenda kwao magharibi yakasimama. Hii ni wiki ya nane, dada. Chumba ni kimoja, pazia ni moja, na huyu mama mkwe wangu Nabalayo anaongea hata akiwa usingizini. Amenifundisha kufua, kufagia, na kumshika mtoto niliyemzaa mwenyewe.

Sasa sikiliza mambo ya Mwaka Mpya. Huko nje kulikuwa na moshi, Soko la Toi lilikuwa limeteketea, maduka yote yamefungwa. Mimi nilitaka tule tulichonacho, tumshukuru Mungu, basi. Mama mkwe akasema hapana. Kuku alikuwepo, Lusweti alimnunua kabla ya kura na tulikuwa tumemfunga chini ya kitanda. Lakini kuku bila mushenye, vile viazi vitamu vyao vya kuponda na maharagwe, alisema, ni chakula cha watu waliofiwa. Nikamwambia viazi vitamu havipatikani. Akanijibu kwamba maharagwe amekuja nayo mwenyewe kutoka nyumbani, kwa hivyo kazi yangu ni moja tu, kutafuta viazi, na kama hata hiyo inanishinda niseme mapema. Halafu akainjika maharagwe jikoni, akatumia makaa yetu ya mwisho, akaniangalia.

Lusweti, mume wangu mpole, alisema nijaribu tu kidogo. Nijaribu wapi? Nilitoka asubuhi nikiwa na hasira ya kutembea peke yangu. Nikarudi na viazi, karai zima. Nikasema kuna mama anaviuza mlangoni kwake huku chini.

Unafikiri nilishukuriwa? Nilipomenya kabla ya kuchemsha, nikaambiwa kwao huchemshwa na maganda. Nilipoponda, mwiko nimeushika kama kalamu. Chumvi nimechelewa. Maharagwe nimeyatia yote mara moja. Alininyang'anya mwiko, akaponda mara tatu, akanirudishia akisema mkono unamuuma. Nilitamani nimvishe ile sufuria. Lakini mushenye ulitoka laini, mtamu, na mezani Lusweti aliomba sala ndefu, kwamba Mungu awaguse wale vijana waliobeba mabati ya kibanda cha jirani yetu Wangoi, wajue kuiba mali ya mtu aliyekimbia ni dhambi. Mimi ndiye niliyesema amina kwa sauti ya juu kuliko wote. Lusweti akaongeza chakula mara mbili. Mimi nilisema tumbo linanisumbua.

Sasa kaa chini, Mutheu, kwa sababu sijamwambia mtu wa kwetu.

Unamkumbuka Wangoi, yule aliyekaa nami wadi siku tatu nilipomzaa Timothy. Shamba lake dogo la viazi liko kando ya bwawa, linapakana na bustani yangu ya sukumawiki. Jioni ile matokeo yalipotangazwa, watu wa kabila lake walipoanza kufukuzwa huku, alitoka na watoto wawili na godoro, akaenda kwa kaka yake Muigai, Kawangware. Mimi ndiye niliyemfungia godoro kwa kamba. Aliniambia neno moja tu: "Niangalizie shamba." Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Siku mbili baadaye nikalichimba.

Nilikaa na siri hiyo mwezi mzima. Juzi Alhamisi nilikuwa nikiosha vyombo, mama mkwe akasema, bila hata kugeuka, "Mama Timothy, viazi vya kununua havitoi maziwa vikikatwa. Vile vilichimbwa asubuhi hiyo hiyo." Alijua tangu siku ile, dada! Alikula, akajua, akanyamaza, yeye ambaye hajawahi kunyamaza. Nikalia, nikamweleza yote. Sikuambiwa pole. Aliuliza jembe liko wapi.

Ijumaa tukachimba vilivyobaki, gunia nusu. Jana, kwa kuwa barabara imetulia kidogo, tukaenda Kawangware kwa miguu. Nilimsihi asiongee Kibukusu njiani, tusije tukaulizwa sisi ni akina nani. Alikiongea njia nzima, kwa sauti, akilaumu jinsi nilivyobeba gunia.

Wangoi alitupokea mlangoni. Amekonda. Niliweka gunia chini, nikamwambia la Mwaka Mpya bila kuzunguka. Aliuliza kama nilichimba mistari ya juu au ya karibu na maji. Nikasema ya juu. Alifungua mdomo wa gunia, akachungulia, kisha akasema, "Walioiba mabati siwajui. Wewe nakujua."

Mama mkwe ndiye aliyesogea mbele, na Kiswahili chake cha kuokotaokota: "Mimi ndiye nilitaka hivyo viazi. Mimi ndiye nilimsumbua huyu mpaka akaenda. Nikasirikie mimi, mimi ni mzee, nimezoea." Wangoi alimwangalia, na miguu yake yenye vumbi. Akaingia ndani, akatoka na stuli moja. Mama mkwe akakaa, akaletewa chai. Mimi nilibaki nimesimama karibu na gunia mpaka kikombe kikaisha.

Nitarudi huko Jumamosi. Akinifungia mlango nitarudi tena.

Msalimie mama, mwambie nitakuja njia zikifunguka kabisa. Na wewe ukipiga magoti, usiniombee uvumilivu, umenitosha. Niombee basi la Bungoma. Ingawa, nikwambie ukweli, sijui siku hiyo nitafurahi kiasi gani.

Ni mimi mdogo wako,
Mwongeli