Magamba Uliyoyasugua

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Mguu wako unaendeleaje? Kahawa imeanza kuiva huko Kalinzi, au mvua imeichelewesha? Mimi niko hapa Dar es Salaam kwa dada Sesilia, mzima wa afya, na uzima wenyewe ndio unaonikera. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ukianza kulia na mimi nalia, tunakata bila kusema kitu. Nitaipiga picha barua hii nimtumie kaka Yohana akusomee. Yohana, soma yote, usiruke panapouma.

Mama, hawajanichukua.

Unajua nilikuja kwa madaktari wanaotafiti kwa nini watu wenye magamba ya ngozi kama mimi huvimba na viungo. Miaka yote nilihesabiwa magonjwa mawili. Wa ngozi ananipa mafuta, wa mifupa ananipa vidonge, mama mdogo wa Kidahwe anasema ni baridi, na jirani yangu wa Katubuka anasema nimerogwa na fundi mwenzangu. Kumbe ni ugonjwa mmoja, kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe. Walitaka kuyaona magamba, wapime uvimbe, wavute maji kidogo gotini wayachunguze. Walinieleza wazi kwamba utafiti si dawa. Lakini anayeingia hufuatiliwa na wataalamu wa viungo, na hicho tu ndicho nilichokitaka, kabla vidole havijakakamaa vikiwa vimepinda. Fundi cherehani asiyeweza kushika sindano ni fundi wa nini?

Basi nikafika. Daktari, dada mmoja mpole, akanishika kiwiko, akakigeuza, akanitazama na kichwani.

"Magamba yako wapi?"

"Mama aliyasugua."

"Aliyasugua?"

"Kwa jiwe na maji ya moto, daktari. Halafu akanipaka mafuta ya mise, mawese ya kwetu. Wiki nzima."

Akabonyeza vidole, akabonyeza goti. "Na huu uvimbe uliosema?"

Hapo ikabidi nimtaje mama mdogo, alivyonipitisha duka la dawa nikachomwe sindano ili nipande treni nikitembea kama watu. Daktari akavua miwani, akacheka cheko la mtu aliyechoka.

"Kwenu wameniletea mtu mzima. Mimi nilihitaji mgonjwa."

Nilitamani ardhi inimeze. Najua ulichowaza, maana ulikisema ukinisugua: "Ukienda kwa watu wakubwa na magamba haya, watasema huna mama." Kwetu mgonjwa huogeshwa, akapakwa mafuta na kuvikwa kitenge kizuri, ndipo apelekwe hospitali. Na mimi niliinua mikono nisuguliwe kama mtoto. Lakini nimekasirika, mama, sikufichi. Nimekukasirikia wewe, nimemkasirikia mama mdogo, na zaidi nimeukasirikia mwili huu. Ulinitesa nikiwa na nguo za watu za sikukuu mezani, na siku niliyouhitaji uumwe ukatulia kama maji mtungini.

Daktari aliniambia nisubiri dawa ya ile sindano iishe nguvu mwilini, kisha nirudi. Nimesubiri hadi nimechoka. Alhamisi hii ndiyo siku ya mwisho, wakishafunga kuandikisha wamefunga. Kila nikiamka nakunja vidole kabla sijatoka kitandani, navikuta vyepesi, nanuna. Dada Sesilia anasema katika ukoo wetu mimi ndiye wa kwanza kulalamika kwa kuamka salama. Juzi alinipikia ile migebuka mikavu ya ziwani uliyonifungia. Nikala kwa hasira, na nikaimaliza.

Halafu Yohana akanipigia, amefurahi, akasema akina mama wa jumuiya wanakusanyika kwako kila jioni kuniombea niamke mzima. Nikasema, ahaa!

Mama, leo asubuhi kidole cha kati cha mkono wa kulia kimeamka kinene, na viwiko vinawasha. Ndiyo maana mwandiko unapinda, nisamehe. Kinauma kweli, na nimekaa hapa nakiangalia nikiogopa hata kufurahi. Kwa hiyo nakuomba kitu ambacho mtoto hamwombi mama yake. Waambie akina mama waache kuniombea mpaka Alhamisi ipite. Wawaombee wengine, wagonjwa hawakosekani Kalinzi. Ijumaa waanze upya, na waombe kwa nguvu zote.

Nisalimie baba mkubwa, pamoja na shemeji, mke wa Yohana. Mama mdogo wa Kidahwe mwambie nimemsamehe, ila duka la dawa asinipitishe tena. Mwanangu Neema mbusu, mwambie gauni lake la komunyo asishonewe na mtu. Nitalishona mimi, kwa mkono huuhuu.

Ni mimi binti yako, mwenye mama, ambaye viwiko vyake havijaguswa na jiwe tangu aondoke kwako,

Leokadia