Kitabu cha Maji ya Kwanza

Evodia, nimefanya nini mimi?

Niko nyuma ya bodaboda naelekea korongoni. Sina dakika za kupiga simu, nina bando tu. Mpigie mwenyekiti wa kijiji SASA HIVI, atume watu.

Si unakumbuka nilikuuliza niwasomee watoto wa darasa la awali kitabu gani cha picha cha msimu wa mvua? Nilichukua kile cha mtoto anayeshuka kwenye mto mkavu kuyapokea maji ya kwanza kwa makofi. Jana nimewasomea mara tatu. Mara tatu, Evodia!

Leo naita majina, wanne hawapo. Mtoto wa Stumai ananijibu, ametulia kabisa, "Mwalimu, wamekwenda kupokea maji."

Maji gani, na jua lote hili?

"Ya kwenye kitabu."

Ya kwenye kitabu!

Hapa Mtinko halijadondoka hata tone. Ila huko juu mlimani kumekuwa kweusi tangu alfajiri, na korongo letu unalijua, maji hufika kabla ya mvua.

Dereva kazima pikipiki ghafla. "Mwalimu, sikiliza."

Nawasikia. Wanapiga makofi.

Na kuna mngurumo nyuma yao.