Neno la Nyumba Limemufukuza Felesita

Jumatano, 1957. Mawingu yamekalia mulima Nyiragongo tangu asubuhi, na upepo wa ziwa unaingia mupaka ndani ya mifupa.

Kaye yangu, daftari yangu, leo sina maneno. Mimi, mutu mwenye maneno mia tatu ya kujitungia!

Wenzangu wa mutaa wa Murara wanasema luga walizorithi. Mimi niliunda yangu. Shule nilikomea mwaka wa ine, lakini niliendesha kamio, lori ya mizigo ya Mupolonia mwenye shamba la kahawa kule Rutshuru miaka sita, nikakamata luga yake kuanzia matusi: herufi zinabanana kama maharagwe ndani ya gunia, na neno linabadilisha mukia kufuatana na kazi yake. Kisha padri mumoja aliyezeekea milima ya Laos akapanda kamio yangu mara tatu, akanionyesha Kihmong, luga ya watu wa kule. Neno moja, ukilipandisha ni hili, ukilishusha ni lile. Nikaziozesha hizo luga mbili, zikazaa yangu. Kuko mutu mwingine Kivu yote aliyefanya vile? Hakuna.

Wasemaji tulikuwa wawili: mimi na bibi yangu wa ndoa, Felesita. Tunakaa ua mumoja na shangazi zangu wenye masikio marefu, basi ndani ya luga hiyo tulisemea njaa yetu, ugomvi wetu na mambo ya kitanda. Kwa sauti alinipita mbali. Alisema Kinyarwanda chake kilimufundisha kupanda na kushuka kabla padri hajazaliwa.

Kisha nikaharibu.

Neno la nyumba lilikuwa limenishinda. Juma lililopita nikaweka jina la marehemu baba yangu, Sebihaza, aliyeijenga hii nyumba. Nikalia kidogo kwa furaha. Nikamufunga muzee mikia ya Kipolonia, nikamupandisha na kumushusha Kihmong.

Kwetu bibi hataji jina la baba wa bwana wake, hata muzee huyo akiwa kaburini. Hata neno linalofanana nalo analizunguka. Nilijua. Lakini sheria hiyo haimubani mwanaume, basi ikanitoka kichwani.

Jumapili kaka yangu mukubwa alikuja kunywa pombe ya ndizi. Nikajisifu kama kawaida yangu, nikamuita Felesita amukaribishe nyumbani kwa luga yetu. Alisimama na kibuyu mukononi, akaniomba kwa macho. Mimi nikacheka, nikarudilia lile neno la nyumba kwa nguvu, kama mwalimu.

"Papa," akaniambia polepole, kwa Kiswahili, "unataka nimuite muzee kwa jina, mbele ya mutoto wake?"

Kuomba radhi kulikuwa rahisi pale pale. Mimi nikatania, nikasema muzee amelala, hatasikia.

Kaka akaweka kikombe chini, akaondoka bila kuaga. Jumatatu Felesita akafunga nguo zake, vikwembe vyote, akapanda kamio ya kwenda kwao Rutshuru.

Mutu mumoja hana luga.

Jana nilijisemesha jikoni, nikasikia tu mutu anayekohoa. Shangazi akauliza kama nina homa. Nikasema ndiyo.

Leo nimelifuta lile neno, nimekwaruza mupaka karatasi imetoboka. Kutunga lingine siwezi, mukono unakataa. Kesho nitapanda kamio ya Rutshuru na kaye hii na kalamu. Nitapiga magoti mbele ya wakwe, nijitaje mujinga kwa Kiswahili cha kila mutu. Kando ya lile tundu, Felesita aandike neno la nyumba analotaka yeye.

Na kama atakataa hata kushika kalamu?