Boriti ya Nguzo ya Tatu

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Nimerudi jana kutoka Muthetheni, kumzika shangazi. Siku tatu tu! Leo asubuhi nikaenda kazini, kwa Mwaitu Mbithe (sote twamwita mwaitu, yaani mama), yule mwalimu mstaafu wa kule mteremkoni. Shemeji Mulwa ameshamaliza — deki yote imesimama. (Deki ya mbao, baraza ya kukalia, si ile ya kupiga na kitambaa. Mwanangu Kamene bado ananicheka.) Mbao za juu zote zimepigiliwa.

Nikaingia chini kuangalia. Nguzo mbili za kwanza ziko sawa: kichwa kimechongwa kiti, boriti imekaa ndani, bolti mbili zimepenya. Ya tatu, ile ndefu ya mbele — hakuna kiti. Boriti imebandikwa ubavuni tu mwa nguzo. Imeshikwa na misumari! Minane, ya inchi sita. Na chini yake ni mawe.

Nimechora mstari wa penseli kwenye nguzo, pale ukingo wa chini wa boriti unapoishia. Sijamwambia mtu.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimemuuliza Mulwa. Akasema bolti ziliisha, na msumari ni chuma kama bolti. Nikasema shemeji, msumari ukibebeshwa uzito unapinda. Akanitazama. "Mama Kamene, mimi nimejenga tangu ukiwa darasa la tatu."

Ni kweli. Na marehemu mume wangu alipofariki, ni huyu kaka yake aliyenipa nyundo, watu wakicheka kwamba mwanamke atapanda paa na rinda. Kila ninachojua nimekitoa kwake. Nikarudi kupaka nguzo dawa ya mchwa.



Jumatano, 8 Oktoba

Mwaitu Mbithe alikuja na furaha mpaka akanikumbatia. Jumamosi wakwe wanaleta mbuzi wa ntheo, wa kumposa binti yake Mwendwa. Wanatoka Ekalakala, watu kama sitini. Hema haliwezi kusimama kwenye mteremko, kwa hivyo wazee wote watakaa juu ya deki, pale mbele, waone bonde. Pale mbele!

Akaniuliza, "Fundi, iko imara?"

Mulwa akakohoa.

Nikasema iko imara, mwaitu.

Mimi. Kwa mdomo wangu huu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mvua ilinyesha alfajiri. Nilifika kabla ya Mulwa, nikaenda kwenye nguzo. Boriti imeshuka chini ya mstari wangu! Upana wa kidole kidogo. Na tangu nichore mstari hakuna mtu amekanyaga huko juu, ni mbao zilizolowa tu. Msumari wa juu kabisa umeanza kuinama, kichwa chake kimezama ndani ya mbao.

Nikahesabu wazee kichwani. Wazee, wamama, watoto watakaokimbiakimbia. 

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimemshika Mulwa mkono, nimempeleka chini ya deki. Nikamwambia aguse. Hakutazama, aligusa tu — kidole kikatembea kwenye mstari, halafu kwenye boriti, halafu kikasimama. Akakaa juu ya jiwe.

Nilijua atanifokea. Hakufoka. Alisema bolti hazikuisha. Alisema tangu Pasaka macho yake yana ukungu, jicho la kulia karibu limefunga. Alijaribu kutoboa nguzo mara mbili, drili ikatokea kando. Akaziba matundu na vumbi la mbao na gundi, akachukua misumari. "Nilifikiri ukirudi utakuta imekwisha, hutauliza."

Nikataka kumkasirikia. Sikuweza. Nilimwona amezeeka ghafla.

Nikasema twende tumwambie mwaitu. Akanisihi — tutengeneze kwanza, kimya, aibu isitoke nje. Nikakubali. Mungu anisamehe, nikakubali! Kesho mapema tutainua boriti na jeki ya lori, tusimamishe kipande kinene cha mti wa blugamu kando ya nguzo, kutoka kwenye zege la msingi wake mpaka chini ya boriti, kiibebe. Halafu bolti mbili. Kazi ya saa tatu. Wageni ni saa sita.

Jumamosi, 11 Oktoba

Naandika kwenye daftari la vipimo, nimekaa kwenye mawe, hatua kumi kutoka kwenye nguzo. Nimeambiwa nikae mbali, na daftari ndilo nililo nalo mkononi.

Jeki iko chini ya boriti. Boriti imeinuka, blugamu imesimama lakini haijagusa boriti, bado pengo la unene wa kiganja. Hakuna bolti hata moja. Tuling'oa ile misumari, ilikuwa imepinda. Kitu pekee kinachoshika pale mbele ni jeki.

Na wakwe wamefika saa tatu!

Tulisikia nyimbo kwanza, na mbuzi. Halafu miguu juu ya vichwa vyetu. Nilipiga kelele, hawakusikia, vigelegele vilikuwa vingi. Vumbi likaanguka machoni mwangu. Jeki ikalia — kriii — mara moja.

Nikataka kukimbilia juu. Mulwa akanizuia. "Wewe toka hapo chini, ukae mbali. Hii ni ya kwangu kusema." Akapanda ngazi za mawe akipapasa kwa mkono.

Sasa wimbo umekatika. Namsikia Mwaitu Mbithe, anacheka kidogo, anasema karibu fundi, wakwe zetu, huyu ndiye aliyetujengea. Watu wanapiga makofi.

Makofi yanaisha.

Mulwa anasema, "Wazee wangu, samahani. Msikimbie. Rudini nyuma polepole, mmoja mmoja. Kazi hii niliifanya vibaya."

Hakuna anayerudi nyuma. Hata mbuzi.

Sauti ya mzee inauliza, vibaya namna gani? Na miguu yake — naiona kati ya mbao, viatu vyeusi — inasogea mbele, kuja kuchungulia, mpaka juu ya jeki. Naacha daftari, nakimbia kumzuia.