Mahali pa Jina Langu kwenye Kaye ya Bonane

Baba Devota,

We mutu gani? Miaka miwili hujakanyaga hapa hata kwa ndoto. Devota anasema umemjia mara tatu, umevaa lile koti la kahawia, mnacheka. Ferdi anasema ulimjia ukamwambia apeleke pikipiki kwa fundi. Hata jirani wa nyuma, ambaye hamkuwahi kusalimiana vizuri, naye anasema alikuota. Mi niliyekufulia soksi miaka arobaini, apana. Hata kivuli. Nilidhani labda njia ya huko ni ndefu. Sasa najua: unaogopa. Na unafanya vizuri kuogopa.

Barua hii naandika mwenyewe. Ndiyo, rudia hapo: mwenyewe. Kwa mkono wangu, kwenye meza yako, na miwani yako ambayo Ferdi alitaka tukuzike nayo nikakataa. Imenichukua siku nyingi, kila siku kipande kidogo baada ya kula mchana, maana vidole vyangu vimezoea samaki, si kalamu. Usicheke. We huna haki ya kucheka tena katika jambo hili.

Unakumbuka ulivyokuwa siku ya Bonane? Mwaka ndiyo unaanza, wenzetu wanatoka misa wanakwenda kunywa, sisi tuko mezani. Wali, nyama, samaki mukeke wa kukaanga, Fanta za watoto. Hakuna kugusa sahani mpaka utoe kaye yako, daftari la buluu la mipango, kwenye sanduku la bati, lile la kufuli, ambalo ufunguo wake uliuvaa shingoni pamoja na rozari. Watoto walijua: kaye ya baba haiguswi. Unavaa miwani, unakohoa kama padri, unasema, "Mipango mikubwa! Mutu asiniambie anataka viatu." Ferdi, ana miaka tisa, akasema anataka viatu. Ukamwambia, "Basi utakula viatu leo." Mutoto akalia, mi nikamtetea, we ukaandika: Ferdi atakuwa wa kwanza darasani. Akawa wa tatu, na viatu ukamnunulia.

Kwanza ulisoma ya mwaka uliopita, jina moja moja, na mwenyewe anajibu: "Imefanyika," au "Bado." Kisha unaandika ya mwaka mpya. Ndivyo Devota alivyokuwa muuguzi. Ndivyo tulivyopata kiwanja hapa Carama, we mutu wa kupanga vitambaa kwenye duka la Mwarabu kule mtaa wa Asiatique, na mi muuza ndagala, samaki wadogo wa beseni. Tulipanga vitu vikubwa kuliko sisi, na vikatokea. Hilo sitakunyima.

Mpango wangu ulianzia mpakani. Tulikuwa tunakaa Gatumba bado. Narudi Uvira na beseni langu, askari kijana akanipa karatasi, akasema, mama, soma hapa kisha uweke kidole. Nikaishika, nikaitazama kama mutu anayesoma, nikatikisa na kichwa. Akaniambia, "Mama, umeigeuza kichwa chini." Foleni nzima ikacheka. Nilipokuambia jioni ile ulikasirika mpaka ukashindwa kula. Kweli ulikasirika, niliona. Bonane iliyofuata, zamu yangu ilipofika, nikasema, "Mi nataka kujua kusoma." Watoto wakapiga makofi. Ukaandika. Kalamu ilikwenda, niliiona kwa macho yangu. Ukanisomea: "Mama Devota, kujua kusoma."

Mwaka uliofuata: "Mama Devota, kujua kusoma. Imefanyika?" Bado. Mwaka mwingine: bado. Bonane kumi na tatu. Ferdi akaniita Mama Bado, jina likatoka nje ya nyumba likafika sokoni. "Mama Bado, ndagala zimefika?" "Zimefika, ila akili zako ndiyo bado!" Nilicheka nao. We ulicheka kuliko wote. Mi nilidhani uzito ni wangu. Kila mwaka nilikuuliza masomo ya watu wazima pale parokiani yanaanza lini, na kila mwaka ulinijibu, "Nimeuliza. Wamejaa." Sikwenda kuuliza mwenyewe. Kwa nini niulize? Nilikuwa na we.

Hata siku mto Rusizi ulipotuingilia ndani, mi nilitoka na masufuria na godoro, we ukatoka na kaye kichwani, maji yamefika kiunoni. Majirani wakakushangilia, tazama muzee, ameokoa mipango ya familia! Nilijivuna. Sasa najiuliza ulikuwa unaokoa nini.

Kisha ukafa hapa Carama, nyumba haijapakwa hata rangi.

Bonane ya kwanza bila we hakuna aliyegusa sanduku. Ufunguo niliuvaa mi. Tulikula, tukalia, watoto wakarudi kwao. Wiki ile ile nikavaa kitenge cha misa, nikaenda parokiani kwa miguu yangu, kuuliza kama bado wamejaa.

Baba Devota. Kulikuwa na viti vitupu.

Mwalimu ni Madamu Serafina, naye amefukuzwa Gatumba na maji kama sisi. Akanitazama sana. Akasema, "Mama, mi nilikuja kwako kule Gatumba kukuandikisha, mara mbili. Ulikuwa Uvira. Muzee wako akasema hutaki, umechoka, tusikusumbue." Nikamwambia amekosea nyumba. Nikamwambia muzee wangu hawezi. Siku tatu sikumsalimia, mutu wa watu. Nilikutetea, unasikia? Ulikuwa chini ya udongo na mi nagombana kwa ajili yako.

Nikajifunza. Ba, be, bi. Herufi niliyoipenda ni L, inafanana na mutu aliyekaa chini akanyosha miguu, na jina langu linaanza nayo. Leokadiya. Tangu mama yangu afe hakuna aliyeniita hivyo, nikataka tu kuona linavyokaa kwenye karatasi. Lakini kilichonitoa nyumbani kila asubuhi ni kingine. Nilikuwa nimekusudia hivi: nikishajua vizuri, nitafungua sanduku lako, nitatafuta pale ulipoandika Mama Devota, niweke kidole changu juu ya maandishi yako. Hicho tu. Nilitaka kukushika mkono.

Mwezi wa kumi na moja nikafungua. Baba: kujenga msingi. Devota: kuingia shule ya wauguzi. Ferdi: kupata leseni. Na chini ya Ferdi, mahali pangu, mstari. Si maneno. Mstari wa mawimbi, kama wa mutu anayejaribu kalamu kama ina wino. Nikadhani sijajua kusoma sawasawa. Nikadhani ni ule mwandiko wa haraka wa watu wa ofisi, ambao Madamu hajatufundisha. Nikafungua mwaka mwingine. Mawimbi. Mwingine. Mawimbi. Nikatafuta M, nikatafuta D, nikaomba hata L moja. Kurasa zote kumi na tatu. Mwaka nilioongea maneno mengi umeyavuta marefu, ili mkono wako usimame pamoja na mdomo wangu. Ulikuwa unanichorea maji, Baba Devota. Na ukanisomea maji hayo kwa sauti, mbele ya watoto, miwani iko puani.

Nikasema, mutu aliyedanganya hapa amedanganya na kwingine. Nikatoa barua za dada yangu wa Uvira, zile za zamani ulizokuwa ukinisomea, nikazipitia moja moja siku nne. Nilitaka kukukamata. Apana. Kila neno ni lile lile. Hata pale dada aliposema nimeolewa na mutu mwenye kichwa cha mbuzi, ulinisomea bila kuruka, ukauliza, "Mbuzi dume au jike?" Hapo ndipo uliponimaliza. Ungekuwa mwongo wa kila kitu ningekuzika mara ya pili nikapumzika. Lakini ulikuwa mukweli kila mahali, isipokuwa hapa. Hapa palikuwa pangu.

Uliogopa nini? Kwamba nitajua kusoma, halafu sitaita tena, "Baba Devota, kuja unisomee"? Mjinga we. Nilikuhitaji unikune mgongo. Nilikuhitaji ukorome nijue nyumba ina mutu. Ningesoma vitabu vyote vya Bujumbura na bado ningekuita.

Sasa sikiliza ya Bonane hii. Wamekuja wote, Devota na mume wake na wale wajukuu wanne, Ferdi na shati lake jipya. Chakula kiko mezani. Ferdi akanyosha mkono: "Mama, lete ufunguo. Nafasi ya baba nitaishika mi." Nikamwambia, "Mikono chini ya meza." Nikaenda mwenyewe, nikatoa kaye, nikavaa miwani yako. Nikakohoa.

Nilikuwa nimekusudia kukuvua nguo mbele yao. Ndiyo. Niwaonyeshe ukurasa kwa ukurasa, wajue Mama Bado alitengenezwa na nani. Nikafungua ile Bonane yako ya mwisho, nikaanza kusoma, polepole, neno kwa neno. Baba: kupaka nyumba rangi. Hakuna wa kujibu. Ferdi akasema, "Bado," akafunika uso, na lile jitu lote likalia. Devota: kuhamia hospitali kubwa. Imefanyika. Ferdi: kununua pikipiki yake. Imefanyika.

Nikafika kwenye mawimbi.

Wakasubiri. Ferdi machozi hayajakauka na tayari anatabasamu, najua jina lililokuwa mdomoni mwake. Nikawatazama. Wote wana pua yako, hata yule mudogo wa mwisho. Nikafungua mdomo nikasoma: "Mama Devota, kujua kusoma." Na nikajijibu mwenyewe: "Imefanyika."

Walinibeba. Fanta zilimwagika. Mkwe wako aliyezoea kunyamaza alipiga mluzi. Na mi katikati nacheka, na moyo unaniuma mara mbili, kwa sababu nimesoma kitu ambacho hakikuandikwa, kwa sauti yako, na miwani yako. Nimekudanganyia. Mara moja. Ya pili haipo.

Tukiosha vyombo, Devota akasema, "Mama, nilikuwa nimesimama nyuma yako."

"Basi?"

"Niliona. Pale hapana kitu."

Nikampa sahani aifute. Akaifuta mpaka nikaona ataitoboa. Akasema, "Kwa nini umemficha?"

"Kwa sababu ni baba yenu. Lakini ni mume wangu, na mi na yeye tutamalizana."

Ndiyo hii. Tunamalizana.

Ukurasa mpya nimeuandika mi, mbele yao, na wamesubiri, wali ukapoa. Jina la kwanza juu kabisa ni Leokadiya. Si chini ya watoto. Leokadiya: kusoma somo kanisani siku ya Pasaka, mbele ya watu wote. Nimeshakwenda kwa katekista. Akaniuliza, "Bibi, una miaka mingapi?" Nikamwambia nimekuja kuomba somo, si kuolewa. Amenipa. Devota: kusimamia wauguzi wenzake. Hakutaka niandike, anasema ni kubwa mno. Nikamwambia basi utakula viatu. Ferdi: kuoa, na si kuzungukazunguka. Nyumba: rangi, ile uliyoacha. Ufunguo nimempa Ferdi auze na vyuma chakavu. Kaye inakaa kwenye kabati la vikombe, na mutu yeyote wa nyumba hii anafungua anasoma.

Kuna moja ambalo sikuwasomea, nimeliandika walipoondoka. Mvua imefuta jina lako kwenye msalaba. Rangi ilikuwa mbaya, haikumaliza hata mwaka. Ferdi anataka kuita mchoraji, nimekataa. Nimeandika: Leokadiya: kuandika jina la Baba Devota msalabani, kwa mkono wake. Sitakuficha, siku nzima nilifikiri kukuchorea mawimbi pale. Watu wapite makaburini, wajiulize, huyu amelala hapa ni nani, mto? Ilinifurahisha kidogo. Kisha nikakumbuka ulivyoshindwa kula siku ile ya askari. Nitaliandika lote, la ubatizo na la baba yako, herufi zote, hata zile ngumu. Kabla ya Pasaka. Nakuahidi, na ahadi hii iko kwenye karatasi.

Nimekukasirikia, Baba Devota. Kesho nitakuwa nimekukasirikia bado. Upande wako wa kitanda sijaulalia. Lala salama huko uliko, jifunike.

Na ukija, maana najua utakuja, usipitie kwa Devota wala kwa Ferdi, wala kwa yule jirani. Kuja moja kwa moja kwangu. Usiniletee salamu za watu. Nenda kwenye kabati la vikombe, kalamu iko ndani ya kaye. Fungua Bonane ile ya kwanza, juu ya yale maji andika jina langu na nilichosema. Kisha usinisomee. Nipe kaye, nisome mwenyewe.