Barua Aliyosomewa Mtaliano

Vietnam, 9 Machi 1969

Mdogo wangu Darla,

Hujambo? Mimi mzima wa mwili. Ni joto na matope tu. Mwambie Mama nakula vizuri.

Wewe nitakwambia ukweli, maana sipati usingizi tangu Wendell wa mtaani kwetu azikwe. Jeshi limeandika kwamba alikufa papo hapo. Uongo. Alipigwa risasi ya paja, nami nilikuwa hatua kumi tu kutoka kwake. Nikakimbia, nikamwacha. Niliporudi na wenzangu mwili wake ulikuwa umeshapoa.

Sina mwingine wa kumwambia.

Kaka yako,
Vernon

Jangwani, Arizona, 2 Juni 1969

Kaka mpendwa,

Salamu nyingi. Sasa unapata usingizi?

Usinicheke: nimo kwenye filamu! Mtengeneza filamu mmoja Mtaliano, mzee Corvetti, alituokota mimi na wenzangu kwenye maandamano Los Angeles. Anataka kuonyesha vijana wa Marekani wanavyoikataa nchi yao. Kiingereza hajui, ana mkalimani. Wiki nzima katukalisha vumbini, sote mahipi wa nywele ndefu, tubusiane na kupiga kelele dhidi ya vita. Jana akachoka. "Mnaigiza!" akafoka. "Nipeni kitu cha kweli!"

Nikatoa barua yako, nikaisoma mbele ya kamera, mkalimani akimfasiria. Mzee alilia, Vernon. Jina lako sikulitaja, naapa. La Wendell lilinitoka.

Mdogo wako,
Darla

Vietnam, 21 Juni 1969

Darla,

Sijambo. Mwambie huyo mzee aikate sehemu hiyo. Mama yake Wendell anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu.

Kaka yako

Bakersfield, 15 Februari 1970

Kaka Vernon,

U hali gani? Nimekuandikia mara nne, kimya. Mama kasikia umerudi, uko kambini Texas.

Nilimwomba mzee. Mkalimani akanijibu, "Anasema akiikata hiyo, hana filamu."

Ijumaa filamu ilionyeshwa hapa nyumbani. Magazeti yameiponda, eti mzee hakutuelewa hata chembe. Lakini mtaa mzima ulikwenda na bisi mkononi, kwa kuwa Darla wao yumo kwenye sinema. Mzee kanitoa kote, kaniacha kwenye barua tu. Bi Stoddard, mama yake Wendell, alikaa mbele yetu. Alisikiliza mpaka mwisho, akachukua koti lake, akamgeukia Mama: "Binti yako anasoma vizuri." Akatoka.

Mama hasemi na mimi. Nifanyeje?

Mdogo wako,
Darla

Texas, 3 Machi 1970

Darla,

Natumaini Mama hajambo. Mwambie nyumbani sirudi, nitatafuta kazi huku huku.

Nilimpigia simu Bi Stoddard. Sikujitetea. Aliuliza kitu kimoja tu: "Alisema chochote?"

Nikamwambia, "Alikuwa anakuita wewe, mama."

Akanishukuru. Mimi, Darla, akanishukuru.

Hii usimsomee mtu. Wendell alikuwa ananiita mimi.

Kaka yako,
Vernon